Kifua kisicho na jina

Kati ya Juni na Agosti, Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, huwa na baridi ya alfajiri ambayo mgeni kutoka pwani haitarajii. Ni majira ya kusi. Ni majira hayohayo ambayo mikorosho huanza kuchanua na wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kazi hiyo hufanywa mapema sana, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, maana hapo ndipo unga hushika. Mpuliziaji hurudi nyumbani saa tatu asubuhi, kope zimekuwa za njano, kitambaa alichojifunga puani kimejaa unga, akakaa kunywa chai karibu na mafiga yanayofuka moshi wa matawi ya mkorosho yaliyopogolewa. Baridi, unga na moshi vinamkuta mtu mmoja katika asubuhi moja. Kisha mafua yanaingia nyumbani.

Watu wawili wa nyumba hiyo wanaweza kupata kirusi kilekile. Mmoja akapiga chafya siku nne na kurudi shambani. Wa pili, usiku wa tano, amekaa kitandani ameegemeza mikono magotini, hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Mitaani husemwa kwamba wa pili kinga yake ni ndogo, na mazungumzo yanaishia hapo. Nadhani tunakosea kuishia hapo. Sehemu kubwa ya tofauti kati yao ilikuwepo miezi au miaka kabla ya kirusi kufika, ndani ya mapafu ya huyo wa pili, na kwa watu wengi wa Lindi na Mtwara hali hiyo haijaandikwa popote kwa jina lake. Daftari la hospitali linasema "kikohozi" mara sita na "nimonia" mara tatu. Jina la ugonjwa wenyewe halimo. Na jina ndilo linaloamua dawa gani apewe, oksijeni kiasi gani, na jibu la kipimo gani liaminiwe.

Tuanze na hesabu ya bomba. Hewa ikipita kwenye njia nyembamba hupata ukinzani unaopanda kwa kasi kubwa kadiri njia inavyobana: kipenyo kikipungua nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Kijia cha hewa chenye upana wa milimita 2, ukuta wake ukivimba nusu milimita kila upande, hubaki na milimita 1. Uvimbe wa kiasi hicho ni jambo la kawaida kirusi kinaposhambulia njia za hewa. Mwenye mapafu mazima ana vijia vingine tele vya kufidia, hivyo anahisi kubanwa kidogo tu. Aliyekuwa akiishi na nusu ya uwezo wa mapafu alishaitumia akiba yake kupanda mlima na kubeba ndoo. Siku ya mafua hana pa kukopa.

Kuna pia suala la usafi wa ndani. Njia za hewa zimepandwa vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyosukuma ute kutoka chini kwenda kooni mchana na usiku, na ute huo hubeba vumbi, bakteria na virusi vilivyonaswa. Moshi wa kuni na wa sigara huvifupisha na kuvilegeza. Kifua kikuu hufanya baya zaidi: hukwangua ukuta wa njia za hewa, na baada ya kupona baadhi ya njia hubaki zimetanuka na kulegea kama mfuko, makohozi yakatuama humo kama maji ya dimbwi. Kirusi kinachotua kwenye dimbwi hakisukumwi nje.

Halafu kuna ile kengele ambayo seli iliyovamiwa huwapigia jirani zake. Seli hutoa protini ziitwazo interferoni, na seli za jirani zikizipokea hufunga milango. Tafiti kadhaa zilizochukua seli za njia za hewa za watu wenye pumu, na za wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao waganga huuita kwa kifupi COPD, zimeona kengele hiyo ikilia kwa udhaifu au kwa kuchelewa. Kirusi hupata muda wa kuzaliana kabla mwili haujaamka, kisha mwili unapoamka hupigana na wingi, na uvimbe unakuwa mkubwa.

Hatari haiishii kwenye kirusi chenyewe. Watafiti wa London waliwahi kuwaambukiza kwa makusudi, kwa ridhaa yao na chini ya uangalizi, watu wenye COPD isiyo kali, wakitumia rinovirusi, yaani kirusi cha mafua ya kawaida kabisa. Virusi vilifikia kilele kati ya siku ya 5 na ya 9. Kisha asilimia 60 ya wagonjwa hao walipata maambukizi ya bakteria juu yake, na bakteria walifikia kilele siku ya 15. Hii inaeleza jambo linalowachanganya ndugu wengi: mgonjwa alianza kupata nafuu, akaacha kufuatiliwa, na wiki ya pili makohozi yakabadilika kuwa ya kijani au njano nzito, homa ikarudi, pumzi ikapungua. Mwenye kifua sugu anapaswa kuangaliwa kwa wiki mbili kamili. Kumwangalia siku tatu za kwanza na kushukuru Mungu ni mapema mno.

Sasa tuje kwenye majina, na tuanze na lile ambalo watu wanalijua. Pumu. Korona ilipoingia mwaka 2020 wengi waliamini wenye pumu ndio watakaokufa kwanza. Uchambuzi mkubwa wa kumbukumbu za watu milioni 17 nchini Uingereza ulionyesha picha nyingine: wenye pumu ambao hawakuwa wametumia vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, karibuni hawakuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya watu wengine. Waliotumia vidonge hivyo karibuni, dalili kwamba pumu yao haikuwa imetulia, hatari yao ilipanda kidogo. Lakini wenye magonjwa sugu mengine ya mapafu, COPD ikiwamo, hatari yao ilikuwa takriban mara 1.6. Kwa hiyo neno "kifua" linaficha watu wenye hatari tofauti sana.

Pumu iliyodhibitiwa humlinda mwenyewe, na inadhibitiwa kwa dawa ya kuzuia ya kuvuta, yaani steroidi ya dozi ndogo kama beklometazoni au budesonaidi, inayotumiwa kila siku hata kama hujisikii vibaya, na mdomo kusukutuliwa kwa maji baada ya kila dozi ili kuepuka fangasi. Tunachokiona kwenye zahanati nyingi na maduka ya dawa muhimu ni kinyume: mgonjwa ana inhela ya bluu peke yake, ile ya salbutamol, au hana inhela kabisa na anatumia vidonge vya salbutamol vya miligramu 4. Vidonge hivyo huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, vikifanya mikono itetemeke na moyo uende mbio, ilhali dawa ya kuvuta hufungua ndani ya dakika tano kwa kiasi kidogo mno. Na salbutamol, iwe ya bluu au ya kidonge, haigusi uvimbe. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kupendekeza watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake.

Hapa ndipo jina linapoanza kuwa suala la uhai. Steroidi hiyohiyo ya kuvuta inayomlinda mwenye pumu, akipewa mwenye COPD bila sababu, huongeza uwezekano wa nimonia ya bakteria. Mhudumu anayempa kila mwenye kubanwa kifua dawa moja atawasaidia wengine na kuwaumiza wengine, na hatajua ni nani kati yao.

COPD kwetu ina sura ambayo vitabu vingi haviionyeshi. Vitabu vimejaa mzee mvuta sigara. Huku kusini mgonjwa mara nyingi ni mama wa miaka hamsini na kitu ambaye hajawahi kugusa sigara, amepika kwa kuni tangu utotoni katika jiko lenye mlango mmoja, na kipato chake cha pembeni ni kukaanga na kubangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Likiungua, moshi wake unawasha kuliko wa kuni za kawaida, na wanawake wanaokaanga kwenye bati lililotobolewa humeza moshi huo kwa saa kadhaa. Kikohozi chake anakiita cha uzee. Hajawahi kupuliza kwenye kipimo chochote.

Huko Ruangwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoponda mawe makavu huvuta vumbi la silika. Silika haiyeyuki, hubaki ndani ya pafu ikitengeneza makovu hata baada ya mtu kuacha kazi, na huongeza sana hatari ya kifua kikuu. Kumwagia maji mwamba kabla ya kuponda ni hatua ya bei ndogo kuliko zote, na ni wazi kwamba haifanywi vya kutosha.

Kundi linalonisumbua kuliko yote ni la waliopona kifua kikuu. Matibabu huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mwishoni makohozi yanapimwa, kadi inaandikwa "amepona", na mtu anaondoka kwenye orodha. Bakteria wamekufa, ni kweli. Makovu hayakwenda nao. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walipima pumzi za watu wazima waliomaliza dawa, na zaidi kidogo ya theluthi moja walikuwa na uwezo wa mapafu usio wa kawaida siku hiyo ya kumaliza. Mtu huyu ndiye atakayepata mafua Julai na kufika kituo cha afya akihema. Kwa kuwa alishawahi kuugua kifua kikuu, atapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo hutafuta vinasaba vya bakteria, na vinasaba vya bakteria waliokufa vinaweza kubaki kwenye makovu kwa miaka, kwa hiyo jibu linaweza kusema kifua kikuu kipo wakati hakipo. Kwa aliyetibiwa miaka ya karibuni, jibu chanya linahitaji kuthibitishwa kwa kuotesha makohozi kabla ya kumrudisha kwenye miezi sita mingine. Asipothibitishiwa, anaanza dawa asizozihitaji huku uvimbe wa virusi na bakteria wa pili wakiendelea na kazi yao.

Mwezi wa sita wa matibabu ndio nafasi tunayoipoteza. Mgonjwa yupo kliniki, anaaminika, amezoea kuja. Robo saa inatosha. Aulizwe kama kwenye njia tambarare anaachwa nyuma na watu wa umri wake kwa sababu ya pumzi. Apimwe oksijeni ya damu kwa kipimo cha kidole, kinachosoma kwa asilimia, akiwa ametulia, kisha asimame na kukaa kwenye kiti kwa dakika moja bila kutumia mikono, apimwe tena: namba ikishuka kwa 4 au zaidi, akiba yake ni ndogo. Apulize mara tatu kwenye kipima-pumzi cha mkono, kile cha plastiki chenye mshale, iandikwe namba kubwa. Avute salbutamol mara nne, asubiri dakika 15, apulize tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, kuna pumu au sehemu inayofunguka kwa dawa. Isipopanda, huenda tunashughulika na makovu au kuziba kwa kudumu. Vifaa hivi viwili vya mkono havihitaji umeme wa gridi wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Vivyo hivyo kwa mama wa jikoni na kwa mpuliziaji wa salfa mwenye kikohozi cha zaidi ya miezi mitatu, akishapimwa kwanza kama ana kifua kikuu.

Kipimo cha kidole kina mitego yake. Hina nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga wake. Baada ya harusi au Idi, kigeuzwe kikae ubavuni mwa kidole. Kidole cha baridi husoma vibaya, kisuguliwe kwanza. Jambo zito zaidi lilionekana Marekani mwaka 2020: kati ya wagonjwa ambao kipimo kilionyesha 92 hadi 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya 88 kwa karibu asilimia 12 ya wagonjwa weusi, na kwa chini ya asilimia 4 ya weupe. Kwa ngozi zetu, namba 92 kwa mtu anayehema haitoshi kumrudisha nyumbani. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima, kifua kikiwa wazi: 30 au zaidi kwa mtu mzima ni dharura, hata kama namba ya kidole inapendeza. Na unapotafuta rangi ya bluu, angalia ulimi na ufizi, maana midomo hudanganya.

Oksijeni yenyewe ni dawa yenye dozi. Mwenye COPD kali, au mapafu yaliyochakaa kwa makovu ya kifua kikuu, akifunguliwa mtungi kwa nguvu zote anaweza kulimbikiza hewa chafu ya kaboni, akasinzia, watu wakadhani amepumzika. Jaribio la Tasmania, Australia, lililochapishwa 2010, lililinganisha wagonjwa waliopewa oksijeni nyingi njiani kwenda hospitali na waliopewa ya kupimwa ili kipimo kibaki kati ya 88 na 92. Vifo vilikuwa asilimia 9 kwa 4. Kwa mgonjwa wa aina hii anza na lita 1 au 2 kwa dakika kwa mpira wa puani, angalia kila baada ya dakika chache, na usiongeze tena kipimo kikifika 92. Mwenye pumu au mtu asiye na ugonjwa sugu analengwa juu kidogo, 93 au zaidi. Tena ni jina linaloamua.

Kupima dozi kuna faida nyingine kwa wilaya za mbali. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoka lita 2 kwa dakika hudumu zaidi ya saa 56. Ukitoka lita 10 huisha kabla ya saa 12. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa wa lita 680 kwa lita 10 ni saa moja na dakika chache, na barabara ya Liwale wakati wa mvua haifuati saa.

Nyumbani, kabla ya hospitali, kitu chenye thamani kuliko vyote kwa mwenye inhela ni chupa ya plastiki ya nusu lita. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha tangu 1999 kwamba inafanya kazi kama kifaa cha dukani. Ioshwe kwa sabuni ya vyombo, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu kusugua huleta umeme tuli unaonasa dawa ukutani. Pinda waya kwa umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, toboa kitako cha chupa, ingiza inhela plastiki ikiwa bado laini, ziba pembeni kwa gundi. Mgonjwa hushika mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute pumzi za kawaida tano au sita, kisha rudia. Katika shambulio kali ni mara 4 hadi 10, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na safari ya hospitali iwe imeshaanza. Kosa la kawaida ni kubonyeza mara nne mfululizo kisha kuvuta mara moja. Dawa nyingi hubaki kwenye chupa.

Kujifukiza nyungu kuna heshima yake kwetu, na sitaki kuidharau imani ya mtu. Lakini mvuke wa moto hauui kirusi kilichoko ndani ya seli, na kwa mwenye pumu unaweza kubana njia za hewa ghafla. Mwenye kifua sugu aachiwe hewa safi. Vilevile vidonge vya steroidi kununuliwa mapema ili "kuzuia kifua kisishuke": jaribio kubwa la Uingereza la 2020 lilionyesha deksametazoni ikiokoa wagonjwa wa korona waliokuwa wakihitaji oksijeni, na haikuwa na faida kwa wasiohitaji. Kwa shambulio la pumu au COPD, prednisoloni miligramu 40 kwa siku tano ina nafasi yake, ikiandikwa na aliyemsikiliza mgonjwa kifua. Kuirudia kila mwezi kwa kujinunulia huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na kwa mwenye minyoo aina ya strongiloidi huweza kuisambaza mwilini hadi kuua.

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba yetu ya kawaida. Ya korona ilianza kutolewa nchini Julai 2021, na watoto wanapata ya nimokoka, bakteria wa nimonia, tangu miaka ya mwanzo ya muongo uliopita. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Ni lengo jema, na inauma kwamba mikoa yenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay bado inapika kwa kuni. Hadi hapo, kuni zikauke kabla ya kuwashwa, mafiga yahamie nje au chini ya paa lisilo na kuta, na korosho zikaangwe upande ambao upepo utaupeleka moshi mbali na watu.

Daftari la mgonjwa halina gharama. Ukurasa wa kwanza, nyuma ya jalada, uandikwe na mhudumu siku ambayo mtu yuko mzima, ili anayempokea saa nane za usiku huko Liwale au Nanyumbu asianze kubahatisha: Alitibiwa TB, alimaliza 2019. Makovu pafu la kulia. Hana pumu. Akiwa mzima oksijeni ni 91. Akipewa oksijeni, isizidi 92.